Nyumba ya mfano au nyumba ya kawaida kwenye mradi ule ule, ipi uchukue?

Wakuu habari. Hili swali nimeulizwa sana na watu wanaonunua nyumba kwenye miradi mipya, ya shirika au ya kampuni binafsi, iwe Kigamboni, Bunju, Safari City ya Arusha au Iyumbu kule Dodoma. Utaratibu unafanana kote, zinajengwa nyumba nyingi za ramani moja, moja ya mbele inamaliziwa kabla ya zote, inawekwa makochi, mapazia, panga boi na maua getini, halafu wateja wanapitishwa humo. Hiyo ndo nyumba ya mfano, shohausi. Mradi ukikaribia kuisha nayo inapigwa bei. Sasa mteja anajikuta na nyumba mbili za kuchagua, ile ya mfano na nyingine ya kawaida ya ramani ile ile mtaa wa tatu nyuma, bei zimepishana kidogo tu, na nyumbani wameshapenda mapazia.

Mimi ni fundi wa finishing, yani lipu, skimu (ule mpako mwembamba wa kulainisha ukuta kabla ya rangi), rangi na jipsam za dari. Nimeshapaka rangi za mfano na za kawaida pia, na tofauti nyingi zipo sehemu ambazo mteja haangalii. Kwahiyo nitakaa sana kwenye kuta na maji, mambo ya mkopo na mkataba nitayagusa pale yanapoleta tofauti kati ya hizi mbili.

IMESHANYESHEWA AU BADO

Hapa ya mfano inaiacha ya kawaida mbali, na cha ajabu hata muuzaji mwenyewe hakitaji hiki kitu. Nyumba ya mfano inajengwa ya kwanza. Kama mradi umechukua miaka miwili maana yake ile nyumba imeshakula masika mbili, Machi mpaka Mei, na vuli zake za Oktoba mpaka Disemba. Mvua za pwani zinajua kutafuta tundu. Kama bati lilipigwa msumari vibaya, kama bonde la paa, pale pande mbili za paa zinapokutana, halikuzibwa sawasawa, kama kiwanja kinakusanya maji, kama karo linajaa mvua ikinyesha na choo kinarudisha, vyote vimeshajitokeza. Nyumba ya kawaida iliyokamilika Julai ukaja kuoneshwa Septemba, jua linawaka na kila kitu kikavu, hiyo hujui lolote kuihusu, na aliyeijenga naye hajui.

Shida ni kwamba ushahidi wa mvua unafichika, na anayeitwa kuuficha ni mtu kama mimi. Kabla nyumba haijauzwa meneja anakwambia fundi pitisha mkono mmoja wa rangi humo ndani. Bati likiwa bado linavuja doa litarudi mvua ya kwanza tu, ila kama ni kiangazi dari litakaa jeupe miezi kadhaa bila mtu kushtuka. Kwahiyo ukiingia shohausi usitazame katikati ya dari kwenye taa na urembo, tazama pembeni pale jipsam inapokutana na ukuta, hasa upande wa bonde la paa, na chini ya simtanki kama limewekwa juu. Zima taa za ndani, washa tochi ya simu, ielekeze sambamba na dari badala ya kumulika juu moja kwa moja. Jipsam iliyowahi kulowa ikakauka inakuwa na tumbo kidogo, na kwenye kiungio cha ubao na ubao kunakuwa na mstari mwembamba umefunguka. Rangi mpya haiondoi hayo mawili. Na ukikuta dari la chumba kimoja tu lina rangi mbichi wakati vyumba vingine imeshapauka, uliza kwa upole kulitokea nini humo.

Kitu kingine ni chumvi. Huku pwani, tofali likifyatuliwa kwa mchanga wenye chumvi, au msingi usipowekewa nailoni ya kuzuia unyevu, baada ya muda ukuta unaanza kutoa unga mweupe kuanzia chini kupanda juu, rangi inavimba malengelenge halafu inamenyuka. Hii kitu haionekani kwenye nyumba ya miezi mitatu. Kwenye ya mfano muda wake umeshafika, sema wameshaifunika. Sogeza kochi. Fungua kabati la chini ya sinki, ingia stoo, inua pazia refu uone nyuma yake. Ukuta wa sebuleni utakuwa umeshaskimiwa upya lakini stoo hakuna anayehangaika nayo, na stoo haidanganyi.

Kwenye nyumba ya kawaida huna cha kukagua kwa upande huu, unachoweza ni kuitumia ya mfano kama shahidi. Tofali ni zile zile, mchanga ule ule, udongo ule ule. Yani hata kama umeshaamua moyoni kuchukua ya mtaa wa tatu nyuma, nenda kwanza kakague stoo ya shohausi.

IPI IMEJENGWA VIZURI

Watu wanaamini ya mfano imejengwa vizuri zaidi. Kwenye finishing ni kweli, hakuna ubishi. Pale anapelekwa fundi mkongwe na anapewa muda, skimu inapigwa mikono miwili mitatu na msasa katikati, tailizi zinapangwa kwa mahesabu ili vipande vilivyokatwa visikae mlangoni, kona za jipsam zimenyooka. Nyumba za huko nyuma watu wanalipwa kwa chumba, anayewahi ndo anakula, msimamizi anapita mara moja asubuhi basi. Chukua sarafu ugonge tailizi moja moja, ikitoa sauti ya kitu kitupu ujue chini hakuna saruji ya kutosha na siku ukiangusha kitu kizito itapasuka. Kwenye ya mfano utakuta chache pembeni pembeni, kwenye ya kawaida gonga sakafu yote, usione aibu, ni hela yako.

Ila msingi, paa na mabomba ni habari nyingine, maana nyumba ya kwanza ndo watu wanajifunzia ramani. Mteremko wa bomba la choo unakosewa kwenye ya kwanza, ikifika ya tano wameshashtuka. Dirisha la jikoni linagundulika linagonga koki la sinki nyumba ya kwanza, zinazofuata linasogezwa. Mchoraji alichora, fundi akajenga, makosa yakaonekana, yakarekebishwa mbele kwa mbele, na ile ya kwanza ikabaki nayo imefunikwa vizuri. Kwahiyo mtafute msimamizi wa saiti, muuzaji muache na vipeperushi vyake, umuulize hivi: mzee, mlipomaliza ya mfano mlibadilisha nini kwenye zilizofuata? Wale jamaa hawana sababu ya kukuficha na wengi wanapenda kuelezea kazi yao. Akikwambia tuliongeza chemba moja (lile shimo lenye mfuniko la kukagulia bomba la majitaka) nyuma ya jikoni maana maji yalikuwa yanasimama, basi toka nje ukahesabu chemba za shohausi.

Halafu kuna swali la bati. Kuna miradi ambayo nyumba ya mfano inaezekwa geji 28 na zile nyingine zinaezekwa geji 30, na geji ikipanda namba bati linakuwa jembamba. Kutoka chini zote zinaonekana ni msauzi ile ile ya rangi ile ile. Muulize muuzaji na majibu yaandikwe.

Kuhusu uchakavu sijali sana. Bawaba zitakuwa zimelegea kwa sababu milango inafunguliwa na watu wasio na uchungu nayo, rangi ya kuzunguka swichi ina alama za vidole, vyoo vimetumika na wageni. Hivyo ni vitu vya siku mbili za fundi. Kinachonipa wasiwasi zaidi ni shohausi ambayo haijatumika kabisa, choo kimebandikwa karatasi usitumie, jiko halijawahi kuwashwa, maji yanaletwa na boza. Hapo kabla ya kulipa hata mia omba maji yaunganishwe, flashi vyoo vyote kwa pamoja, jaza sinki mpaka juu uliachie, mtu mmoja awe nje amefungua chemba anaangalia kama maji yanapita au yanajikusanya. Ya kawaida vivyo hivyo.

MACHO YANAVYODANGANYWA

Hapa nitakuwa mfupi maana wengi mnajua. Chumba cha mfano kinawekewa kitanda cha 4 kwa 6, makochi madogo, kioo kikubwa ukutani, kabati la nguo hakuna, mlango kati ya sebule na jikoni umeng'olewa, na AC imewashwa toka asubuhi kwahiyo hujui nyumba inachemkaje saa nane mchana. Chukua tepu. Chumba cha mita 3 kwa 3 ukiweka kitanda cha 6 kwa 6 unabakiwa na mita moja na kidogo jumla, hapo bado kabati. Ndo maana mi nawashauri watu wapime kwenye ya mfano lakini wakasimame kwenye ya kawaida tupu, bila kochi wala zulia, milango ikiwa mahali pake, uone unajisikiaje. Ramani ni ile ile. Na muombe azime AC mkae nusu saa.

MAPAZIA, MAKOCHI NA MKOPO

Muuzaji akisema nyumba inakwenda na kila kitu chake ndani watu wanasikia raha, ila hiki ndo kipengele kinachokula watu hela kimya kimya hasa wanaonunua kwa mkopo.

Tuchukulie ya kawaida ni mil 140 na ya mfano mil 150, ile mil 10 ya juu mil 8 ni fanicha na mapazia, mil 2 ni bustani na pevingi. Riba za mikopo ya nyumba hapa Tanzania kwa miaka mingi zimekuwa kati ya asilimia 13 na 19, tuseme umepata 15 kwa miaka 20. Zile mil 8 za makochi ukiziingiza kwenye mkopo zinakuongezea kama laki 1 na elfu 5 kila mwezi, na ukimaliza miaka 20 umezilipia zaidi ya mil 25. Kochi lenyewe limeshatupwa miaka 12 iliyopita.

Na mara nyingi hata kuziingiza hutaweza. Benki inaangalia ripoti ya mthamini, na mthamini anathamini kiwanja na jengo, makochi hayamhusu. Akisema nyumba ina thamani ya mil 140 na benki inakopesha asilimia 80, utapewa mil 112. Wewe ulijipanga na mil 30 mfukoni ukijua mkopo utakuwa mil 120, sasa unatakiwa mil 38. Nimeona watu wameshikwa hapo dakika za mwisho wakati dipositi imeshalipwa.

Dawa yake ni kuzitenganisha bei toka siku ya kwanza. Nyumba bei yake, vitu vya ndani bei yake, kwenye karatasi mbili. Ukizitenganisha unagundua vingi huvitaki. Maoni yangu: mapazia chukua, yameshonwa kwa vipimo vya madirisha yale na fimbo zake zimeshafungwa, kushona upya nyumba nzima ni gharama sana. AC chukua kama bado zina waranti na risiti ipo. Kabati za jikoni na granaiti hizo ni sehemu ya nyumba, asikuuzie mara mbili. Makochi ya shohausi waachie, jua la dirishani limeshayapausha upande mmoja na yalinunuliwa kwa ajili ya picha, siyo ya kukaliwa na watoto. Vitakavyobaki viorodheshwe vyote na kupigwa picha, orodha iambatanishwe kwenye mkataba, maana TV na jiko lile zuri la vioo huwa vinahama siku moja kabla ya makabidhiano vinaenda kwenye mradi mwingine.

Kodi nayo uliza kwa nyumba zote mbili, bei iliyotajwa ina VAT ndani au haina? Kiwango cha kawaida ni asilimia 18, kwenye nyumba ya mil 140 hiyo ni mil 25 na laki 2, siyo hela ya kuja kuambiwa baadae. Usikubali hadithi kwamba ya mfano imeshatumika kwahiyo haihusiki, mkataba useme wazi nani analipa. Ushuru wa stempu asilimia 1 upo pale pale kwa zote.

Bei yenyewe inategemea umefika lini. Katikati ya mradi hawapunguzi ya mfano hata shilingi, kwanza hawataki kuiuza maana ndo inayowauzia nyingine. Zikibaki nyumba tatu nne, kampuni inataka kufunga hesabu iondoke, mlinzi analipwa, msafishaji analipwa, umeme wa AC unalipwa, hapo ndo unakaa nao mezani. Ya kawaida ina tabia ya kinyume chake, za mwanzoni ndo zinapata punguzo.

IPO WAPI

Ya mfano karibu siku zote ipo mbele, karibu na geti na barabara kubwa. Faida yake ni kwamba lami inafika, mlinzi yupo hatua chache, mkandarasi hakuthubutu kuacha mtaro wa mbele haujaisha. Hasara yake kila gari la mradi linapita dirishani kwako, bodaboda zote za wageni zinasimama hapo kuulizia nyumba namba fulani, na kama nyumba bado zinajengwa huko nyuma malori ya mchanga na vumbi utakula wewe wa kwanza. Uliza pia kile kieneo cha wazi pembeni ya geti kitakuwa nini. Kwenye miradi mingi ndo pamepangwa fremu za maduka, na fremu za maduka Dar mwisho wake ni spika ya bluetooth mpaka saa sita usiku.

Kingine, ya mfano mara nyingi imewekwa kwenye kiwanja cha kona kwahiyo eneo lake kubwa kuliko zingine, linganisha skwea mita kwenye ramani ya upimaji kabla hujalalamika kuhusu bei. Na pevingi, bustani, ukuta wa mbele na geti vimeshafanywa. Nyumba ya kawaida unakabidhiwa na mchanga mtupu kuizunguka. Mtu ambaye hajawahi kumlipa fundi pevingi anaidharau hii, aliyewahi hasemi kitu.

UNAHAMIA LINI

Hapa ya kawaida ndo inashinda. Imeisha, umelipa, unapewa funguo. Ya mfano unaweza kulipa leo ukaambiwa tuachie miezi 12 tuendelee kuwaonesha wateja, tutakulipa kodi ya pango. Inasikika vizuri. Tufanye hesabu kwa yule yule wa mkopo wa mil 112, asilimia 15 miaka 20, rejesho lake ni karibu mil 1 na laki 4 na elfu 75 kwa mwezi. Kampuni inakupa tuseme laki 6 kwa mwezi, inakata asilimia 10 ya kodi ya zuio kama sheria inavyotaka, unapokea laki 5 na elfu 40. Unajazia zaidi ya laki 9 kila mwezi na wewe mwenyewe bado umepanga Tabata unalipa kodi ya mwenye nyumba. Kwa huyu mtu haifai kabisa, hata wakipunguza mil 5 kwenye bei.

Ila kuna mtu inamfaa sana. Mtanzania aliyeko Muscat au Uingereza, ananunua keshi, harudi mpaka mwakani mwishoni, na hataki nyumba ikae tupu ifanywe ghala na shemeji. Huyo mpangaji wake ni kampuni, inapiga deki kila siku, inamwagilia bustani, ina mlinzi. Ahakikishe tu mkataba wa pango una tarehe ya mwisho yenye faini, usiseme mpaka mradi utakapoisha, maana miradi kuisha ni jambo la Mungu. Na useme nyumba irudishwe ikoje: ofisi waliyoitengeneza barazani kwa jipsam bodi ivunjwe, matundu ya mabango yazibwe, milingoti ya bendera ing'olewe, ipakwe rangi upya nje na ndani.

NANI ATAREKEBISHA

Uingereza nyumba mpya nyingi zinauzwa na waranti ya miaka 10, hapa kwetu kinga yako ni kile kilichoandikwa kwenye mkataba wako, mara nyingi miezi 6 au 12 ya kurekebisha kasoro. Sasa sikilizeni hii maana watu wengi hawaijui. Kampuni inayouza na mkandarasi aliyejenga ni watu wawili. Kampuni inamshikia mkandarasi sehemu ya hela yake mpaka kipindi cha kasoro kiishe, ndo kinachomfanya arudi saiti akipigiwa simu. Nyumba ya kawaida iliyoisha mwezi uliopita hela ya mkandarasi bado imeshikwa, ukisema bomba linavuja anakuja mbio. Ya mfano iliisha miaka miwili iliyopita, mkandarasi alishalipwa mpaka shilingi ya mwisho na pengine yupo Mwanza anajenga shule. Ukipiga simu kampuni itatuma fundi wa bei rahisi apake rangi.

Kwahiyo kwa ya mfano, mkataba useme kipindi cha kasoro kinaanza siku wewe umekabidhiwa funguo, siyo siku jengo lilipokamilika. Wakikataa hilo, mimi ningeondoka. Na kasoro zote ulizoziona, ile dari, ile stoo, zile tailizi tupu, ziandikwe na zirekebishwe kabla ya malipo ya mwisho, ukishalipa yote huna tena cha kuwavuta nacho.

NA ZA KWENYE RAMANI JE

Kuna wanaouliza kuhusu kununua ambayo haijajengwa, bei ni ya chini kidogo na unalipa kwa awamu. Huyu nyumba ya mfano hainunui ila ndo ahadi pekee aliyonayo, kwahiyo asiridhike na maneno kwamba yako itakuwa kama ile. Itakuwa kama ile kwenye nini? Aambatanishe orodha kwenye mkataba, geji ya bati, aina ya koki, unene wa vioo, tailizi za saizi gani, mbao za milango, skimu nje ipo au hakuna. Bila hiyo orodha neno kama ile halimbani mtu.

MIMI NINGECHUKUA IPI

Kama mradi umekaa masika moja nzima, ya mfano haina doa stoo, msimamizi wa saiti hana siri, na wanakubali kipindi cha kasoro kianze kwako, mi nachukua ya mfano bila makochi na naipigia bei mwishoni mwa mradi. Kama una familia inasubiri kuhama, au mkopo umekubana, chukua ya kawaida lakini nenda kaitazame wakati wa mvua, hata kama itabidi usubiri Aprili. Anayekwambia bei itapanda kesho anataka usione Aprili. Kama una watoto wadogo na ya mfano ipo getini kwenye malori basi usisumbuke nayo hata ikiwa nzuri vipi.

Hati haina tofauti kubwa kati ya hizi mbili, zote fanya serchi kwa msajili wa hati, uone kama kiwanja chako kimeshakatwa hati yake au bado kipo ndani ya hati kubwa ya mradi, na kama kampuni iliweka hati rehani benki kupata hela ya kujengea. Kwa ghorofa za pamoja kuna sheria yake ya 2008, hati ya sehemu yako itatoka kwa utaratibu huo. Ya mfano ina jambo moja la ziada, mita ya LUKU na ya maji zimesajiliwa kwa jina la kampuni toka enzi za ujenzi, walikuwa wanachomelea nondo na kukorogea zege kwa mita hizo hizo, kwahiyo hakikisha hakuna deni na jina linabadilishwa kuwa lako kabla ya makabidhiano.

Na funguo za shohausi zimepita kwa wauzaji wote, walinzi, wasafishaji na sisi mafundi, nakala zake hakuna anayejua zipo ngapi. Nunua vitasa vipya vya milango ya nje na geti, viwe mkononi siku ya makabidhiano, fundi avifunge hapo hapo wakati hao watu wa kampuni bado wapo.